Mwaka wa Kuchagua Ufuo

Wanaume walikuwa wamekaa upande mmoja wa ukumbi wa kanisa pale Fort Worth wakibishana mahali pa kumzika Mama Sifa, na sisi wanawake tulikuwa upande wa pili na masufuria ya sombe, kisamvu cha Kikongo, tukijifanya hatusikii. Kila mmoja alikuwa na lake. Mjomba alikuwa kwenye simu kutoka Tanzania, sauti imefunguliwa hadi mwisho ili wote wamsikie, akisema dada yake arudishwe alikotoka. Mzee wa kanisa alitaka makaburi yaliyo karibu na kanisa, kwa sababu wenzetu wengine wamelala hapo. Mimi nina mdomo, kila anayenijua anajua hivyo. Nilikuwa nimeshasimama niwaambie kwamba huyu wanayemchagulia ndiye aliyenifundisha mimi maana ya kuchagua, nikamwona Sifa, binti yake, amekuja katikati ya ukumbi na karatasi mkononi. Karatasi hiyo niliijua hata kabla hajaikunjua. Ilikuwa ratiba ya ibada ya Jumapili moja ya zamani, ya rangi ya manjano, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kupasuka, na mgongoni mwake kulikuwa na mwandiko wangu wa ujana. Nikakaa chini. Beatrice, rafiki yetu wa siku nyingi, aliyekuwa ame-drive kutoka Sugar Land bila hata kunywa chai, alinishika goti akaninong'oneza, "Si ile ya fuo?" Nikamwambia ndiyo, ndiyo hiyo.

Mwaka ambao karatasi ile iliandikwa nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilikuwa najua kila kitu. Nilikuwa nasomea uuguzi, nafanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba moja ya wazee, na nimepanga chumba kwa Mama Sifa, mama Mkongomani aliyekuwa akikunja nguo katika ghala kubwa huko kaskazini mwa mji. Nyumba yake ilikuwa ghorofa ya pili, zulia rangi ya chai iliyozidi maziwa, dirisha la jikoni linatazama magari yaliyoegeshwa, na meza yenye mguu mmoja mfupi uliotiliwa kadibodi. Yote yaliyonijenga yalitokea kwenye meza hiyo. Jumapili ibada ilikwisha saa nane, na tulipofika nyumbani Mama Sifa alivua viatu, akafunga kitenge, akasonga bugali wa muhogo. Mwanzoni nilimnung'unikia huo ugali wake, kwamba unanata, kwamba sisi Wakisii tunajua ugali wa mahindi na wimbi. Alinitazama bila kuacha kusonga, akasema sahani yangu haijawahi kurudi na kitu. Ilikuwa kweli. Sifa, wakati huo wa miaka kumi na mmoja, alikula akitazama katuni na kutujibu kwa Kiingereza kila tulichomuuliza kwa Kiswahili, nasi tukaendelea kumuuliza kwa Kiswahili. Hakuna aliyechoka.

Safari ilianza na Beatrice. Alikuwa muuguzi tayari, mwenye nyumba Sugar Land, na mwezi wa kumi na moja angetimiza miaka arobaini. Alikuja kututembelea wikendi moja, akala sombe, akaegemea kiti, akasema amegundua kwamba tangu aje Amerika hajawahi kusafiri pahali ambapo hakuna mgonjwa, harusi wala matanga. Alitaka kwenda kisiwani. Kisiwa cha Karibi, kama zile picha za kalenda. Mimi nikakumbuka shida moja haraka: Mama Sifa alikuwa na kadi ya kijani, lakini pasipoti hakuwa nayo ya nchi yoyote duniani. Hapo ndipo Beatrice alipotaja Puerto Rico. Kisiwa kile kiko chini ya Amerika, unapanda ndege Dallas kama unaenda jimbo la jirani, na hakuna anayekuuliza ulizaliwa wapi na kwa nini ulitoka. Mama Sifa alituuliza mara mbili kama ni kweli. Tulipomhakikishia akainuka akaosha vyombo vyote, hata visivyokuwa vichafu.

Tungekuwa na siku nne. Kisiwa chenyewe, nilipokifungua kwenye kompyuta yangu, kilikuwa na fuo nyingi kuliko Jumapili za mwaka, na sisi tungeweza kwenda tatu, labda. Zipi? Watu wa Texas wakisikia wewe ni Mkenya wanadhani ulizaliwa kwenye mchanga. Kenya ina bahari, sikatai, lakini kwetu Keroka hakuna. Mimi nilikuwa sijawahi kuiona. Beatrice wa Nyahururu alikuwa ameiona mara moja, safari ya shule, akiwa na homa. Basi Mama Sifa alipofuta mikono yake akasema, "Miye nimekomalia ku bahari," yaani amekulia baharini, tulimwona kama mwalimu mkuu ameingia darasani. Nikamsogezea kalamu. Akasema hapana, mwenye shule aandike, yeye atauliza. Nikageuza ratiba ya ibada, nikaandika anachosema.

Alikuwa na maswali matatu, na aliyatoa bila kufikiri, kama mtu anayetaja majina ya watoto wake. La kwanza: "Upepo inatokaka wapi?" La pili: "Bamama banaikalaka wapi?" Alitaka kujua wanawake wa pale wanakaa sehemu gani, kwa sababu, alivyotueleza, mahali wanawake wanakaa pana kivuli, pana chakula, na hapajawahi kumzamisha mtoto. La tatu: "Mutu akichoka, anatokea wapi?" Maji, alisema, si kuingia. Kuingia kila mjinga anaweza. Nilichora mistari nikapata safu tatu, moja kwa kila swali, na pembeni nikaanza kuandika majina ya fuo. Jumapili baada ya Jumapili tuliifanya kazi hiyo. Nilimsomea watu wa mtandaoni wanavyosema, naye akakataa karibu kila kitu. Wanasema maji ni ya buluu, nikisoma. Sawa, lakini upepo? Wanasema machweo ni mazuri. Mimi nimeuliza machweo? Nilikuwa nacheka mpaka nashika mbavu, na ukweli ni kwamba nilikuwa naanza kuchoshwa. Mimi nilitaka nyota tano na picha.

Mwezi wa tano tulienda Houston kwa Beatrice, naye akatupeleka Galveston tujaribu maji. Maji ya Galveston ni ya rangi ya chai ya rangi, lakini kwangu ilikuwa mara ya kwanza na nilisimama pale na viatu mkononi kama mtu aliyesahau alichotumwa. Mama Sifa hakusimama. Alikunja kitenge akaingia hadi magotini, moja kwa moja, na uso wake ulikuwa na raha ambayo sikuwahi kuiona pale jikoni. Akainama. Akachota kwa kiganja, akanywa. Kisha akatema, akakitazama kiganja chake muda mrefu, akatutazama sisi. Ndipo nilipoelewa. Baraka, mji wake, uko kando ya Ziwa Tanganyika. Kwao maji yale yanaitwa bahari, na ndiyo waliyokunywa, waliyopikia, waliyoogea. Shuleni walimu walikuwa wamemfundisha kwa Kifaransa kwamba kuna kitu kinaitwa océan, kina chumvi. Hakuna aliyemwambia kwamba hicho na bahari ni neno moja kwa sisi wengine.

Ningeweza kunyamaza. Nasema wazi kwa sababu hiki ndicho kitu cha mwaka ule ninachokionea haya hadi leo. Nilicheka mpaka nikakaa mchangani. "Kumbe ulikuwa unatuongoza na ziwa!" nilimwambia. "Mama Sifa, ile yenu ni ziwa. Ziwa, si bahari." Akatoka majini taratibu, akakung'uta kitenge.

"Siye tunaiitaka bahari," alisema, yaani kwao inaitwa hivyo. Alikula kuku wake ameyapa maji mgongo, na njia nzima ya kurudi, mwendo wa saa tano na msongamano wa magari, alikuwa amelala au amejitia kulala.

Wiki hiyo nilichukua ile karatasi nikaiweka ndani ya kitabu changu cha anatomia, nikaanza orodha mpya kwenye kompyuta. Nilijiona mtu wa maana. Nilichagua Rincón kwa sababu ya picha za mawimbi, nikachagua kile kisiwa kidogo cha Culebra ambacho watu wote walikipa nyota tano, na Beatrice akataka ufuo ulio mbele ya hoteli pale San Juan ili asitembee sana. Tulimaliza kwa simu, mimi na yeye, ndani ya dakika kumi na tano. Beatrice alisema mchagua jembe si mkulima, tuliandike liishe. Nilipomwonyesha Mama Sifa alisema, "Sawa, kama mumeona." Nilimuuliza kama ana swali. Akasema hana. Mtu aliyeukosoa upepo wa kisiwa kizima hana swali! Hata hilo halikunishtua, na nilikuwa nikijifunza kazi ya kuwatazama watu.

Kilichonishtua ni ukuta. Kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba kiasi cha kumsikia jirani akikoroga chai. Jumapili moja alasiri, nikiwa chumbani na kitabu tumboni, nilimsikia Mama Sifa jikoni akiongea kwa simu na dada yake aliyebaki kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Walianza na habari za watoto na mvua. Kisha dada yake lazima aliuliza kuhusu safari, kwa sababu Mama Sifa alisema, "Kambi, balinichagulia. Texas, balinichagulia, na miye ata jina yake nilikuwa siyaisikia. Nilizania hii moja ntachagua miye. Sasa ata fasi ya kuoga balinichagulia." Hakulia. Hata hilo la mahali pa kuoga alilisema kwa sauti ile ile aliyotumia kutaja bei ya mchele. Halafu wakarudi kwenye habari za mvua.

Nililala pale kitandani nikahesabu maeneo niliyoyachagua mimi. Nilikuwa nimechagua chuo. Nilikuwa nimechagua Texas badala ya Minnesota kwa sababu ya baridi, nikamringia kila mtu. Chumba chenyewe nilichokuwa nimelala nilikuwa nimekichagua kati ya vyumba vitatu. Yeye, mtu mzima, mwenye akili kunishinda, alikuwa amepewa nyumba ile na funguo na shuka na mji, na amesema asante kwa kila kimoja. Kitu kimoja tu alikuwa akikichagua mwenyewe, na mimi, ambaye maji hayakuwahi kunipita goti, nilikuwa nimemnyang'anya kwa sababu ya neno.

Kuomba msamaha sijui vizuri. Hata mume wangu atakwambia. Nilitoa ile karatasi kwenye anatomia, nikaenda jikoni, nikachemsha chai ya maziwa kama anavyoipenda, nyeusi kidogo, na tangawizi nyingi. Nikaiweka karatasi mezani. Nikakaa. Nikamwambia, "Mama, nimefuta ile yangu. Uliza maswali yako, mimi nitapiga simu."

Alionja chai. "Beatrice atasema nini?"

"Beatrice atasema sana."

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Galveston, akavuta kiti. Tulipiga simu kwenye nyumba za wageni huku na huko kisiwani, nikitafsiri. Wa Rincón alisema mawimbi ya mwezi wa kumi na moja yanaweza kukuingiza hapa yakakutoa kule mbali. Mama Sifa akatikisa kichwa, nikapiga mstari. Culebra, tuliambiwa, mtu anafika kwa boti. "Boti nilishapanda," alisema, na sikuuliza, kwa maana nilijua ni boti gani aliyovukia ziwa na Sifa akiwa mgongoni. Nikapiga mstari. Kule Luquillo, mwanamke aliyepokea simu hakucheka wala hakushangaa. Alisikiliza maswali yote matatu, akaniambia nisubiri, akaenda kumuuliza mama yake. Akarudi na majibu: upepo unatoka mashariki, unatoka baharini, mwamba uko mbele unavunja mawimbi, kwa hiyo akichoka mtu anasimama tu na kutembea hadi mchangani, popote, na wanawake wanakaa nyuma, kwenye vibanda kando ya barabara, wanakaanga samaki. Mama Sifa aliniambia nirudie hiyo ya samaki. Kisha akachukua kalamu mkononi mwangu, akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, LUKIYO. Ufuo wa pili alichagua Piñones, kwa jibu la swali la pili peke yake. Wa tatu akamwachia Beatrice na hoteli yake, kwa kuwa birthday ilikuwa ya Beatrice na yeye hakuwa mtu wa kunyang'anya.

Tulianza na wa Beatrice. Nyota tano zilikuwepo, na miavuli ya rangi moja, na wanawake wa kukaa hawakuwepo kabisa. Wimbi la kwanza lilimpiga Beatrice nyuma ya magoti, la pili likampita kichwani, na lilipoondoka liliondoka na wigi lake. Tuliliona likielea, likaenda, likawa doa, likaisha. Mama Sifa alikuwa amekaa mchangani na nguo zake kavu. Alifungua begi lake, akatoa kilemba cha kitenge, akamfunga Beatrice vizuri kama bibi harusi, na Beatrice alikivaa kilemba hicho siku zote zilizobaki. Anacho mpaka leo.

Siku iliyofuata tulienda Luquillo, na ilikuwa kama alivyoandika. Mwamba uko mbele. Maji yametulia kama ya beseni. Nyuma wanawake wanakaanga, moshi unaenda milimani kwa sababu upepo unatoka baharini. Mama Sifa alimsalimia mmoja wao kwa Kiswahili, naye akajibu kwa Kihispania, wakaelekezana kwa vidole samaki yupi ameiva. Halafu akaingia majini. Sikujua kwamba mtu mnene wa miaka arobaini na tano, mwenye mgongo ulioharibiwa na ghala, anaweza kuwa mwepesi vile. Aliogelea hadi karibu na mwamba, akageuka, akarudi, akanikuta nimesimama kwenye maji ya goti, akanishika mikono. Alinilaza mgongoni kwa viganja vyake viwili. Aliniambia niache shingo, niache, si yangu sasa ni ya maji. Nilipoiacha nilielea. Nilisikia pumzi yangu mwenyewe masikioni na nililia pale pale, nikashukuru uso ulikuwa umeshalowa. Baadaye, tukiwa tumekaa, alilamba mkono wake, akafikiri kama mpishi. "Chumvi yake si mubaya," alisema. "Lakini ile yetu njo bahari." Nikaitikia kwamba ndiyo bahari.

Nimekuwa muuguzi kwa miaka mingi sasa, na wanaoanza kazi chini yangu hapa Garland wananicheka kwa tabia moja. Simchomi mtu sindano bila kumuuliza mkono gani. Namuuliza mgonjwa kitanda kitazame wapi, pazia liwe wazi kiasi gani, chai au maji kwanza. Wanasema napoteza muda. Nawajibu kwamba mtu aliyelazwa amechaguliwa kila kitu, hata gauni, na dakika moja ya kuchagua haijawahi kumuua mtu. Ninajivunia cheo changu, sitaficha, nilikifanyia kazi. Lakini hilo la mkono gani ndilo ninalojivunia zaidi, na halikutoka chuoni.

Basi Sifa akasimama pale ukumbini, mwanamke mzima sasa, na akaongea Kiswahili, Kiswahili cha mama yake, wanaume wakanyamaza kwa mshangao tu. Alisema mwaka jana daktari alipomweleza mama yake ugonjwa ulipofikia, mama alimwambia achukue gari. Jumamosi tatu walizunguka makaburi. Akaniletea karatasi niisome, kwa vile safu zilikuwa zangu. Chini ya Rincón na Culebra zilizopigwa mistari, chini ya LUKIYO, kulikuwa na majina matatu mapya kwa penseli, herufi zile zile kubwa. La kwanza: upepo unaleta kelele za barabara kuu. Limepigwa mstari. La pili: hakuna pa kukaa bamama. Limepigwa mstari. La tatu halikuwa na mstari. Upepo, kusini. Bamama, benchi tatu. Kwenye swali la mwisho palikuwa na neno moja, geti.

Sifa alitueleza hilo. Mzungu wa makaburi alikuwa ametembea nao kwa heshima, akajibu upepo, akaonyesha benchi. Mama alipouliza mutu akichoka anatokea wapi, Sifa alishindwa kutafsiri. Aliona aibu, alidhani dawa zimemchanganya mama yake, kwamba hajui anaulizia nini. Mwishowe akatafsiri hivyo hivyo, na yule mtu akafikiri, akanyoosha mkono kwenye geti. Mama Sifa akatazama umbali wake kutoka pale aliposimama. Akamwona binti yake analia.

"Si miye," alimwambia. "Ninyi. Mukichoka kulia."

Mjomba kwenye simu aliomba lirudiwe hilo jina la mahali, tukalirudia. Akasema, "Basi, kama alichagua." Mzee wa kanisa akavua miwani. Mimi, mwenye mdomo, nikaikunja ile karatasi tena mara nne.

Tulimzika Jumamosi. Upepo ulitoka kusini kama alivyoandika, na Beatrice alishika wigi lake kwa mkono mmoja na mkono wangu kwa mwingine. Wanawake tulienea kwenye benchi zote tatu. Tulilia sana. Tulipochoka, tukatokea pale getini.